Mikono Mipya ya Wifi Yangu

Wifi yangu ana mikono mipya. Kiwanda kizima kinajua, na kila mtu anasimulia kwa namna yake na kutia chumvi anavyotaka, kwa hiyo nimeona bora nisimulie mimi niliyekuwepo tangu mikono ile ikiwa ya zamani. Nakiri mapema kwamba katika habari hii sikuwa mtu mwema muda wote.

Kiwandani kwetu tunatengeneza sabuni za kufulia, ile miche mirefu inayokatwa kwa waya. Wifi ni msimamizi wa kitengo cha kufungasha. Mimi niko kwenye mashine ya kupiga mhuri, hatua kumi kutoka kwake, kwa hiyo akiamka vibaya mimi ndiye wa kwanza kujua. Ameolewa na kaka yangu, fundi wa kupaka rangi nyumba, mtu mpole kiasi kwamba ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Mimi na wifi tumeishi kama mawifi wanavyoishi: leo tunanong'onezana, kesho hatusalimiani, keshokutwa tunakula sahani moja.

Lakini kufungasha sabuni ni riziki tu. Kazi yake hasa ni kwaya. Miaka kumi na tisa ameongoza kwaya ya kiwanda bila malipo na bila kusomea. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na nusu jioni, tunasukuma meza za kantini ukutani, tunajipanga safu tatu, na yeye anapanda juu ya kreti la sabuni lililopinduliwa. Akishapanda pale hata meneja humwita Mwalimu. Anagomba, anafoka, anatuambia tunaimba kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Kosa letu kubwa, tangu siku ya kwanza, lilikuwa kuchelewa. Yeye anashusha mkono, sisi tunaingia nyuma kidogo. Miaka kumi na tisa amepiga kelele kuhusu hiyo nyuma kidogo, na sisi tuliona ndivyo tulivyoumbwa.

Sasa, hiyo mikono. Zamani wifi alikuwa mnene, mnene wa kweli, wa kuingia mlangoni kwa ubavu. Daktari wa kisukari akamwambia achague kati ya miguu yake na maandazi. Akachagua miguu. Alianza kuzunguka kiwanda kila mapumziko ya mchana, mizunguko sita, jua likiwaka, walinzi wakimhesabia. Miaka miwili baadaye nusu ya mtu ilikuwa imehama. Ngozi ya uso ilirudi mahali pake, ya tumbo ikajitahidi, lakini ile ya mikono, kati ya kwapa na kiwiko, ilikataa katakata. Ilibaki inaning'inia kama pazia la dirisha kubwa lililowekwa kwenye dirisha dogo. Vijana wa kuchemsha sabuni wakambandika jina la Bi Pazia, nyuma ya mgongo wake bila shaka, maana mbele yake hakuna mwenye roho hiyo.

Na pazia lenyewe lilikuwa na akili zake. Wifi akishusha mkono, mkono ulifika ukasimama. Ngozi ilifika baadaye, ikapitiliza, ikarudi, ndipo ikatulia. Sisi tulishazoea. Hata alipokuwa mnene ilikuwa hivyo hivyo, ila wakati ule ilikuwa na nyama ndani.

Kisha yakaja mashindano ya kwaya za wafanyakazi, mwaka juzi. Tulipata nafasi ya tatu, tukafurahi, tukapanda basi la kampuni tukiimba. Kumbe kuna mtu mmoja asiye na haya alikuwa amekaa pembeni na simu yake, hakurekodi kwaya, alirekodi mikono. Mikono tu, kwa mwendo wa polepole, na muziki wa dansi juu yake. Kabla hatujashuka kwenye basi video ilikuwa imefika kwenye kila simu. Kaka yangu naye alitumiwa na mtu asiyejua, akacheka sana, akamwonyesha mkewe amchekeshe. Alipotambua sare yetu ya kijani alikuwa amechelewa. Siku tatu alilala sebuleni.

Nami nilicheka. Nasema wazi. Nilicheka chooni, mlango nimefunga, mpaka nikatoa machozi. Kisha Jumatatu nikamwona wifi amekuja mazoezini na sweta la sufu, joto la kantini likiwa la kuyeyusha mshumaa, viwiko amevibana mbavuni, akiongoza kwa viganja tu. Jasho linamtiririka. Hakufoka hata mara moja. Nikaona aibu ile imemkaa rohoni, na kicheko changu chote kikanigeukia. Ukitaka kujua kwamba mtu mkali ameumia, subiri siku atakayokuwa mpole.

Mwezi mzima ulikwenda hivyo. Halafu siku moja, akiwa anahesabu katoni, akaniambia bila kunitazama: "Wifi, nakwenda kuikata."

Tulikwenda watatu kwa daktari wa upasuaji: yeye, mimi, na mama yangu, ambaye alisema hawezi kuacha mkwewe akakatwe na mtu asiyemjua. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini na vidole vya baridi. Akamwambia wifi anyooshe mikono pembeni. Akaibana ngozi kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia. Ikacheza. Akaandika. Akauliza habari za sukari, za presha, na uzito umetulia tangu lini. Kisha akachukua kalamu nene ya zambarau, akamchora mstari kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, na mwingine chini yake, akaeleza kwamba kilicho kati ya mistari hiyo kitatoka na pande mbili zitashonwa pamoja. Litabaki kovu refu upande wa ndani wa mkono, ambalo litafifia lakini halitafutika. Na wiki sita asinyanyue kitu, wala asiinue mikono juu ya mabega.

Wifi aliuliza swali moja tu, kama ataweza kuongoza kwaya. Daktari akamhakikishia ataongoza vizuri kuliko zamani. Mungu amsamehe yule kijana, hakujua alichokuwa anasema.

Mama alikuwa na yake. Alitaka kujua ngozi ikishatoka inakwenda wapi. Daktari akasema hospitali ina utaratibu wa kuiteketeza. Mama akaona huo ni ufujaji, ngozi nzima ya mtu mwenye afya, na mwanawe wa kiume ana upara. Akauliza kama haiwezi kuhamishiwa huko. Daktari akamtazama mama, akamtazama wifi, akafunika kalamu yake.

Upasuaji ulipangwa wiki mbili mbele. Siku ya nne nikaenda kwa wifi nikamkuta anatoka kuoga, mikono yote miwili ameivika mifuko ya plastiki na kuifunga kwa raba mabegani. Nikamuuliza ni ugonjwa gani tena. Akaniambia anahifadhi mchoro. Aliamini daktari atakata pale pale alipochora, na mstari ukifutika atakata kwa kukisia. Mwanamke aliyefungasha sabuni miaka ishirini na mbili, na mikono yake haikuguswa na sabuni siku kumi na nne. Kule kitengoni watu walianza kusimama mbali naye kidogo, kwa heshima. Siku yenyewe daktari akachukua pamba na dawa, akafuta kila kitu kwa sekunde tano, akachora upya. Wifi anasema hapo ndipo alipokaribia kushuka kitandani na kurudi nyumbani.

Akatoka salama. Alirudi amevikwa mikono ya kitambaa cha kubana kutoka kwapani hadi kwenye vifundo vya mikono, viwiko vimekaa mbali na mwili, anatembea kama aliyebeba ndoo mbili zisizoonekana. Kaka yangu akachukua likizo kumhudumia, na alimhudumia kwa namna anayoijua. Alimchana nywele kama anavyopaka ukuta, kutoka juu kwenda chini bila kurudia. Alimpiga mswaki mara mbili mfululizo, akisema rangi ya mkono wa kwanza haifuniki vizuri. Uso alimwosha kuanzia pembeni. Wifi hakuweza hata kumsukuma. Alichoweza ni kutukana, na kaka kwa kila tusi aliomba radhi.

Kwaya niliachiwa mimi. Nilipanda juu ya kreti, nikainua vijiti vyangu hivi viwili vya mikono, nikashusha, na hakuna aliyeingia. Nikashusha tena, wakaingia wanne. Mzee wa boila, besi yetu kuu, mtu anayelinda moto wa kiwanda tangu mimi nikiwa shule, akaniambia kwa upole kwamba mkono wangu haueleweki. Nikajifariji kwamba ualimu ni kipaji, na mimi sikupewa. Tukawa tunaimba tumekaa, kila mtu anajiendea.

Wiki ya saba wifi akarudi. Siku ile siisahau. Aliingia kantini amevaa sare ya kijani ya mikono mifupi, bila sweta, na mikono yake imenyooka kuanzia begani mpaka kiwikoni kama ya msichana. Makovu yalikuwepo, mekundu, lakini hakuyaficha. Watu walipiga makofi mpaka mpishi akatoka jikoni. Alikuwa na furaha iliyomfanya aonekane mdogo. Akapanda juu ya kreti, akatutazama wote, akainua mikono, akaishusha.

Mungu wangu. Sauti ya kwanza iliingia nusu, sauti ya tatu ikasubiri, besi hawakuingia kabisa, na mimi niliingia peke yangu kwa nguvu nikanyamaza kwa aibu. Akasimamisha. Akasema tumesahau, haina neno. Akaanza upya. Ikawa vibaya zaidi. Alhamisi ikawa vibaya kuliko Jumatatu. Wengine waliwahi, wengine walichelewa, na tulikuwa tukitazamana kama watu waliopotezana sokoni. Wifi alianza kwa kufoka, akaja kubembeleza, akaishia kukaa juu ya kreti na kutuuliza kwa sauti ndogo kama tumeamua kumkomoa.

Zikiwa zimebaki wiki tatu mashindano ya mwaka uliofuata yafike, afisa utumishi alipita kutusikiliza. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni, wimbo mmoja tu. Mbele yetu sote akamwambia wifi kwamba kampuni haiwezi kuaibika hadharani, na tukiimba hivi kwenye mashindano, yeye ataleta mwalimu aliyesomea, na Mwalimu wetu apumzike, maana amefanya kazi kubwa. Akalitamka lile neno apumzike kama zawadi. Wifi akaitikia sawa bosi. Nilimwona anashika ukingo wa meza. Ukimnyang'anya mwanamke yule kwaya, unamwachia katoni za sabuni na mume mwenye brashi.

Jioni ile tulikaa nyuma ya boila, kwaya nzima isipokuwa yeye, tukitafuta mchawi. Mmoja akasema ni nyimbo ngumu. Mwingine akasema ni ile dawa ya usingizi, imemharibu. Ndipo mzee wa boila akakohoa. Akasema macho yake hayaoni mbali miaka mingi sasa, na miwani havai kwa sababu mvuke wa boila unaipofusha. Mkono wa Mwalimu hajawahi kuuona. "Mimi nilikuwa naona kile kinachocheza," akasema. "Kikitulia, naingia. Sasa hakipo. Naingilia wapi?"

Kisha yule wa sauti ya kwanza anayepanga lebo akasema polepole kwamba, tukisema ukweli, hata yeye. Na mwingine. Na mwingine. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu, maana nilikuwa nimejiona kichwani mwangu, miaka yote ile, nikitazama chini ya mkono wa wifi na kusubiri ngozi ipitilize, irudi, itulie, na hapo ndipo navuta pumzi. Hatukuwa wachelewaji. Tulikuwa tukifika kwa wakati, ila kwa saa nyingine. Naye bila kujua alishajifunza kuwahisha mkono ili tusichelewe sana. Sasa mkono unawahi, na nyuma yake hakuna kitu.

Ikabaki nani wa kumfunga paka kengele. Macho yote yakanigeukia, kwa kuwa mimi ni wifi. Nikakataa. Unamwendea vipi mtu aliyelazwa, akakatwa, akashonwa ili aondokane na aibu yake, umwambie kwamba ile aibu ndiyo tuliyokuwa tukiifuata? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikatoa wazo lingine, na wazo hilo ni langu peke yangu, lawama zote nazipokea.

Tulimshonea joho. La kijani, zuri, la kumpongeza kwa kupona, lenye mikono mipana iliyoning'inia chini ya kiwiko kwa kipimo nilichokikumbuka vizuri. Tatizo lilikuwa kitambaa. Kilikuwa chepesi, kinapepea tu bila kupitiliza wala kurudi. Kilihitaji uzito kwenye pindo. Watu wenye akili wangetia vipande vya chuma. Sisi ni watu wa sabuni. Tukatia mabaki ya sabuni, vile vipande vinavyobaki kwenye waya, kumi na viwili kila mkono, nikashona pindo kwa mkono wangu mwenyewe, nikalijaribu mbele ya kioo. Likacheza vile vile. Nilikaribia kulia kwa kuikumbuka ile ngozi.

Alhamisi tukampa. Wifi alifurahi sana, akalivaa kule kitengoni kwake, akavuka uwanja kuja kantini. Na uwanjani, wakati huo huo, mvua ikampitia. Mvua yenyewe ilikuwa rasharasha tu. Hatukulifikiria hilo hata kidogo.

Akapanda kreti. Akainua mikono, akashusha. Mikono ya joho ikafika, ikapitiliza, ikarudi, ikatulia, na sisi tukaingia kama mtu mmoja. Nywele zilinisimama. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, mzee wa boila amefumba macho kwa raha, wifi uso umemng'aa. Kwenye ubeti wa tatu nikaona kitu cheupe kwenye pindo la kulia. Kwenye kiitikio kilikuwa ukubwa wa yai. Kadiri alivyoongoza kwa nguvu ndivyo alivyochapa, na kadiri alivyochapa ndivyo povu lilivyopanda, mpaka likawa linaruka na kutua kwenye safu ya kwanza. Hakuna aliyeacha kuimba. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alimaliza noti ndefu akiwa na povu kwenye nyusi. Wifi akashusha mikono. Akalitazama povu. Akabonyeza pindo kwa vidole, na vidole vyake havihitaji kuambiwa sabuni ni ipi.

"Nani ataniambia?" akauliza.

Nikamwambia mimi. Nilimwambia pale pale, mbele ya wote, kwa sababu ningengoja tuwe wawili ningetafuta uongo mwingine. Nikamwambia kuhusu ngozi, kuhusu macho ya mzee wa boila, kuhusu sisi sote. Aliniacha nimalize. Kisha akavua joho, akalikunja vizuri kama anavyokunja kila kitu, akaliweka juu ya kreti, akatoka.

Nilimkuta kitengoni kwake amekaa juu ya katoni, analia bila sauti. Nikakaa katoni ya pili. Akaniuliza kama ni wote. Nikasema wote. Akauliza kama hata mimi. Nikasema hata mimi.

"Nilidhani mnanifuata mimi," akasema. "Miaka kumi na tisa, wifi. Niliona watu wale hawasomi noti, hawana sauti kubwa, lakini wananifuata. Kumbe mlikuwa mnafuata ngozi. Na hiyo nimeikata."

Ningeweza kusema neno zuri, lakini wifi angelijua kuwa ni la kununua. Nikamwomba radhi kwa lile povu, nikamwomba radhi na kwa kicheko cha chooni ambacho hakuwahi kukijua. Akafuta uso, akaniambia kicheko kile alikijua, kwa sababu kuta za choo ni za mbao.

Kesho yake mchana, badala ya kuzunguka kiwanda, alianza kututembelea. Mmoja mmoja. Alinijia kwenye mashine ya mhuri, akainua mkono mbele ya pua yangu, akashusha, akasema imba. Nikaimba. Akasema umesubiri, usisubiri, hakuna kinachokuja. Dakika kumi kila mtu. Aliwafuata wapanga lebo kwenye lebo zao. Alimfuata dereva chini ya lori. Kwa mzee wa boila alienda kila siku, akasimama ndani ya mvuke hatua moja kutoka usoni pake, akishusha mkono uliojaa jasho, na mzee akinguruma besi kati ya mabomba. Wiki mbili na nusu, na makovu bado yanamvuta. Mimi nilimwambia apumzike kidogo. Akaniambia nisilitumie neno hilo mbele yake.

Mashindano yakafika. Alipanda jukwaani na sare ya mikono mifupi, mbele ya ukumbi ambao nusu yake ilikuwa imeiona ile video. Mzee wa boila aliwekwa safu ya mbele kabisa, besi mmoja katikati ya wanawake wafupi. Wifi akashusha mkono, na tukaingia sote pamoja, isipokuwa mzee. Yeye aliingia nyuma kidogo, peke yake, kwa sauti ya kutikisa madirisha. Ukumbi ukacheka. Tukaendelea, tukajikaza kisabuni, tukaimba vizuri kwa kweli, lakini mwanzo ulishaharibika na kila mwanzo wa ubeti mzee alikuwa na wake. Tukawa wa sita kati ya kwaya nane.

Nyuma ya ukumbi, karibu na basi, afisa utumishi alitukusanya. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema ameshazungumza na mwalimu mmoja aliyesomea, mtu mzuri, anaweza kuanza mwezi ujao. Akamshukuru wifi kwa miaka yake yote. Wifi alikuwa amesimama wima, mikono yake mizuri imening'inia tu pembeni, akitazama kwenye mlango wa basi.

Mzee wa boila ndiye aliyesogea mbele, akasimama hatua moja kutoka kwa wifi. Akavua kofia. "Bosi, kosa ni langu, na huyo mwalimu wako sijamkataa," akasema. "Lakini atakuja atufundishe tumfuate. Huyu tulimfuata hata pale tuliposhindwa kumwona. Tulishika chochote chake kilichoonekana. Sasa mimi, kwa umri huu, nitaanza kumtafuta mtu mwingine wapi?"

Afisa akafungua mdomo kujibu. Wifi machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. Akainua mkono wa kulia, ule wenye kovu jekundu zaidi, akajifuta macho, akaushusha.

Na tukaingia. Wala hatukupanga, watu thelathini na wawili, kando ya basi, wimbo ule ule, noti ya kwanza ile ile, kwa pumzi moja, na mzee wa boila ndani yake bila kuchelewa hata chembe. Afisa akarudi nyuma hatua. Wifi alitutazama, mkono bado hewani karibu na kiuno, kisha polepole akainua na wa pili.